Jana Ulicheza Nini?

Mikono ndiyo ninayoikumbuka kwanza. Mikono miwili midogo imenyooshwa mbele yangu, viganja juu, myeusi kwa grisi mpaka kwenye mikunjo ya vidole. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka 1982, mlangoni mwa sehemu ya watoto katika maktaba ya mji mmoja wa bara unaopitiwa na reli. Nilikuwa na miaka 25, msaidizi wa maktaba, mwaka wa pili kazini. Nyuma yangu ukutani palibandikwa karatasi ya kanuni iliyopigwa taipu, na kanuni ya kwanza ilihusu mikono safi.

"Nenda kanawe," nikamwambia.

"Nimenawa, mwalimu."

"Kanawe tena. Kwa sabuni."

Mvulana yule hakubisha. Aliishusha mikono, akaifuta kwenye kaptula, akaondoka. Mimi nikarudi kupanga vitabu rafuni, nimeridhika kwamba nimelinda mali ya umma.

Waliokuwa watu wazima miaka ile wataelewa kwa nini jambo hilo bado linaniuma. Vita na Uganda vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 lakini gharama yake tulikuwa tukiilipa bado. Mafuta yalipanda bei, fedha za kigeni hazikuwapo, madukani mlikuwa na rafu tupu. Ukisikia sabuni imeshushwa duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, unaacha chungu jikoni unakimbilia foleni, na zamu yako ikifika huenda ikawa imekwisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifulia kanga zangu majani ya mpapai. Nilijua hali ilivyo, na bado nilimtuma mtoto wa watu akatafute kitu ambacho nyumbani kwangu hakikuwapo.

Jumatatu alirudi. Viganja vilikuwa vyekundu na ngozi ya vidole imechubuka. "Nimesugua kwa mchanga na majivu, mwalimu," akasema, akainyoosha tena nikague.

Siku hiyo hiyo niliweka ndoo ya maji mlangoni, beseni, kopo la majivu laini yaliyochekechwa, na kitambaa cha kukaushia. Karatasi ya kanuni haikuwa yangu kuibandua, lakini kuanzia hapo hakuna mtoto aliyerudishwa kwa sababu ya mikono. Tulinawa pamoja, mimi wa kwanza, kisha tukaingia.

Kazi hii niliianza nikijiona naijua. Nilizaliwa Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa, tarehe 9 Desemba 1967, nilikuwa na miaka 10. Marehemu baba, karani wa bandari, alinipeleka huko nikiwa nimevaa gauni la sikukuu. Alinieleza njiani kwamba tangu mwaka 1963 tumekuwa na sheria yetu iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika, na kwamba nia ni kila mji uwe na nyumba kama ile, atakayeingia asiulizwe ni mtoto wa nani. Maneno hayo yaliniingia. Miaka kumi na kitu baadaye nilifundishwa kazi katika jengo lile lile, na mama aliyenifundisha alikuwa mkutubi wa watoto mwenye subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine.

Ndiye aliyenifundisha kupima kitabu kwa vidole. Mfungulie mtoto ukurasa wa katikati, asome kwa sauti ya chini, na kila neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu ni kizito kwake kwa sasa. Kirudishe rafuni, mpe kingine, wala usimfanye aone haya. Ndiye pia aliyeniambia kwamba kitabu kinachomfaa mtoto ni kile anachokimaliza, na kwamba mtoto ana haki ya kukiacha kitabu njiani bila kusomewa mashtaka.

Nilipopelekwa bara nilikuta chumba kimoja chenye madirisha mapana, meza fupi sita, mikeka miwili na vitabu vingi kuliko nilivyotarajia. Tatizo lilikuwa lugha. Vingi vilikuwa msaada kutoka ng'ambo, vya Kiingereza, vyenye picha za theluji na watoto waliovaa glavu. Vya Kiswahili vilijaza rafu moja na nusu, na vile vilivyopendwa havikuwa rafuni kamwe. *Hekaya za Abunuwasi* ilikuwa ikitoka mkono huu kuingia mkono ule, majalada yameanguka, kurasa nimezishona kwa uzi wa gunia na kuzibandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Majalada mapya niliyakata kwenye maboksi na kuyavika kurasa za gazeti la *Uhuru*. Kitabu kikitoka kwenye matengenezo hayo kinanuka muhogo, na mende walikipenda sawasawa na watoto.

Watoto nao walikuwa wengi. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulikuwa umeanza mwaka 1977, madarasa yakafurika, na shule kadhaa zikasoma kwa zamu. Wa zamu ya mchana walinijia asubuhi, wa asubuhi walinijia mchana. Wakiingia wanasimama mbele ya rafu, wanatazama migongo ya vitabu, wanageuka kunitazama mimi. Nami nilikuwa na swali moja tu: "Unataka kitabu gani?"

Nimelifikiria swali hilo kwa miaka mingi. Mtoto ambaye kwao hamna kitabu hata kimoja atajuaje anataka kipi? Anajibu "chochote, mwalimu," kwa adabu. Unampa unachokiona chema wewe, anakichukua kwa mikono miwili, kesho anakirudisha, kesho kutwa hasikiki tena. Nilipoteza watoto wengi kwa swali hilo kabla sijajua kwamba nawapoteza.

Yule mvulana wa grisi ndiye aliyenifungua macho, bila yeye kukusudia. Siku ile aliporudi na mikono yake iliyochubuka, nilitaka kumfariji, sikujua niseme nini. Nikamuuliza, "Kwani ile grisi ya juzi ilitoka wapi? Ulikuwa ukicheza nini?"

Alibadilika hapo hapo. Mtoto ambaye mwalimu wake wa darasa la nne alikuwa ameniambia kwamba ni mzito wa kusoma na mzito wa kusema, alizungumza robo saa bila kupumzika. Alikuwa akitengeneza gari la waya. Magurudumu aliyakata kwenye ndala zilizochakaa, ekseli ilikuwa spoku ya baiskeli, usukani aliupandisha kwa waya mrefu ili aendeshe akiwa amesimama. Grisi alipewa na fundi wa gereji ya jirani. Gari lilikwenda vizuri kwenye njia iliyonyooka. Tatizo ni kona. Likikata kona, gurudumu moja la nyuma linaburuta, linachimba mchanga, gari linapinduka. Alikuwa amejaribu kulitia uzito, akajaribu kupanua ekseli, wapi. Kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu mzima yeyote: "Mwalimu, gari la kweli linafanyaje?"

Sikujua. Nilimshika mkono nikavuka naye upande wa watu wazima, ambako watoto hawakuruhusiwa kuingia, tukasimama mbele ya namba 629.2, mahali pa magari katika mpangilio wa Dewey. Palikuwa na kitabu kipana cha Kiingereza chenye michoro ya gari lililopasuliwa katikati kama papai, kila kifaa kikionekana mahali pake. Nilikifungua ukurasa wa katikati nikamwambia apime kwa vidole. Vidole vyake vyote kumi vilikwisha mstari wa pili. Hakukiachia. Alikuwa ameinama juu ya mchoro wa ekseli ya nyuma, ncha ya ulimi nje, anafuata meno ya gia kwa ukucha.

Nikaelewa kwamba vidole vya mama yule wa Dar es Salaam vinapima ugumu wa kitabu, lakini hamu ya mtoto vitaipimaje? Hamu ikiwa kubwa, kazi ya mkutubi ni kumjengea ngazi.

Usiku ule nilikaa na kamusi na kibatari, nikaandika vikaratasi, kila kimoja kikieleza kwa Kiswahili mchoro mmoja. Nilipata 31. Usukani, springi, breki, ekseli, nilivijua. Vingine nilivibuni. Kile kifaa cha katikati ya ekseli ya nyuma, ambacho kamusi yangu haikukitaja, nilikiandika "chombo cha kugawa mwendo", na nikaeleza kama nilivyoelewa: gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo lazima kila moja liachiwe kuzunguka kwa kasi yake. Kifaa kimoja karibu na injini kilinishinda kabisa, nikaacha kikaratasi kitupu. Nikavitia vyote kwenye kurasa zake, nikamwazima kitabu kwa jina langu, kwa majuma mawili.

Tangu hapo niliacha kumuuliza mtoto anataka kitabu gani. Nilimuuliza: "Jana ulicheza nini?" Aliyesema alikuwa akiwinda ndege kwa manati nilimpa kitabu cha ndege, tukatafuta pamoja jina la yule aliyemkosa. Waliocheza kombolela nilijua wanapenda kujificha na kufichua, nikawapa hadithi za upelelezi. Wakubwa wao walikuwa tayari kwa *Kisima cha Giningi* cha Mohamed Said Abdulla. Aliyecheza mdako, huyo ana mkono mwepesi na jicho la hesabu, nikamkalisha na mafumbo ya namba. Wengine walisikiliza kipindi cha *Mama na Mwana* cha Radio Tanzania Dar es Salaam na kukihadithia chote kwa sauti za wahusika. Hao niliwapa hadithi na mkeka, nikawaambia, wasomeeni wadogo.

Siku moja alikuja msichana wa miaka kama tisa, mdogo wake amembeba mgongoni kwa kitenge. Alisimama nje ya mlango, anachungulia. Kanuni haikuruhusu watoto wachanga. Nilikumbuka ile mikono, nikamwita. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mama. Jana ulicheza nini?"

"Sikucheza. Nilichota maji, nikamlea huyu."

Jibu hilo lilinipata pabaya. Nilikuwa nimedhani nina ufunguo wa kila mlango, kumbe wapo watoto wasio na mchezo wa kutaja. Nikamuuliza, basi usiku, kabla ya kulala, mnafanya nini? Uso ukakunjuka. Usiku bibi yao huwategea vitendawili.

Nikamfungulia Jumamosi. Nilitandika mikeka yote miwili, mtoto mchanga tukamlaza katikati, na msichana yule akasimama mbele ya watoto zaidi ya 30 akasema "Kitendawili!" Chumba kikaitika "Tega!" mpaka wasomaji wa upande wa pili wakainua vichwa. Mila ni ile ile ya kwetu sote: ukishindwa kufumbua unaombwa mji, na aliyetega akiupokea ndipo anatoa jibu. Watoto walitoa miji waliyoisikia: Tabora, Mwanza, Nairobi, London. Hapo nikapata wazo, nikaleta atlasi. Nikaweka sharti kwamba hutoi mji mpaka uuoneshe kwenye ramani. Kelele ilizimika, vichwa vikakutana juu ya atlasi. Mvulana aliyetaka kutoa Bombay aliitafuta Afrika nzima kabla hajavuka bahari. Kufikia mwisho wa mwaka atlasi ile ilikuwa imelegea uti wa mgongo, na watoto walijua Bujumbura iko ukingoni mwa ziwa gani bila mwalimu kuandika ubaoni.

Vitendawili nilimpa msichana yule aviandike kwenye daftari kubwa, wenzake wakaleta vya bibi zao, vingine kwa lugha za nyumbani na tafsiri chini yake. Daftari lile halikuwa na namba ya maktaba. Nililiweka pale pale kwenye 398, kwenye ngano na vitendawili, kati ya vitabu vilivyochapwa London na Nairobi, na likawa linasomwa kuliko vyote. Niliona mtoto akiingia na rafiki mgeni, anampeleka moja kwa moja kwenye daftari, anaweka kidole kwenye mstari na kusema, "Hiki ni changu." Kama upo ushahidi bora kwamba maktaba ni ya watu, sijauona.

Mwezi Desemba maembe yalipoiva, chumba kilihama. Hakuna hadithi iliyoandikwa inayoweza kushindana na mwembe. Mwaka wa kwanza nilikaa peke yangu na kulalamika. Mwaka uliofuata nilipakia vitabu 40 kwenye sanduku la mbao, nikaazima mkokoteni, nikaenda chini ya miembe karibu na kota za reli. Watoto walikuwa juu ya matawi. Nilitandika mkeka, nikafungua kitabu, nikaanza kusoma kwa sauti bila kumwita mtu. Mmoja akashuka, wa pili akashuka. Vitabu vitatu vilirudi na maji ya maembe, na nilivifuta nikiwa na furaha. Miaka mingi baadaye niliposikia kwamba Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya imeanza, mwaka 1996, kupeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa kwa ngamia, niliukumbuka mkokoteni wangu na mvumo wa magurudumu yake, nikasema kumbe hatukuwa peke yetu tuliojua kwamba mtoto hufuatwa alipo.

Hali ya vitabu ilianza kubadilika nikiwa bado kazini. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, na tukaanza kupokea vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa na kuchorwa na watu wetu, vyenye watoto wanaochota maji na kupanda miembe. Niliwaona watoto wakijiona ndani ya kurasa. Mmoja aligusa picha ya nyumba ya udongo na kuniambia, kwa mshangao, "Mwalimu, kwetu."

Sasa mimi ni bibi, magoti yananilaumu, na wazazi vijana huniletea shida zao. Mtoto hapendi kusoma, bibi, kazi yake simu. Nawaambia wampeleke maktaba, lakini wasisimame nyuma yake wakimchagulia. Wamwache aguse. Wamwache achukue kitabu cha picha hata kama yuko darasa la sita, na akiacha kitabu njiani wasimgombeze. Wasome naye dakika kumi kwa sauti kabla ya kulala, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Wakiona maktaba ina siku ya hadithi, michezo ya bao au kuchora, wampeleke huko kwanza, kwa maana mtoto aliyezoea mlango hataogopa rafu. Na mkutubi wanayemkuta pale wasimwombe kitabu kizuri. Wamwambie mtoto wao jana alicheza nini. Kama mtoto anasema yuko kwenye simu anatazama mpira, basi mpira ndio mlango wake, aingilie hapo.

Nawaambia pia, msikilizeni anapojibu. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunauliza huku jibu tumekwisha kuliandaa.

Mvulana wa grisi alikirudisha kitabu siku ya 14, kabla hatujafungua mlango. Alikuwa amekifunga kwa gazeti, na gari lake la waya limekaa juu yake. Ndoo ilikuwa bado haijaletwa lakini mikono aliinyoosha kwa mazoea, nami niliishika yote miwili. Alinionesha ekseli ya nyuma: gurudumu moja alikuwa amelikaza, la pili ameliachia lizunguke lenyewe. Alilikimbiza kwenye baraza ya maktaba, akalikata kona mbele ya ngazi, na halikupinduka. Jumamosi iliyofuata magari ya waya yalikuwa 11 barazani, na sharti la kushiriki lilikuwa kusoma kikaratasi kimoja kwa sauti mbele ya wenzako. Yule mzito wa kusoma alisoma vitatu.

Sijui maisha yalimpeleka wapi. Mwaka uliofuata baba yake alihamishwa na reli, wakaondoka. Nilichobaki nacho ni vile vikaratasi. Alivirudisha vyote 31, kwa mpangilio wa kurasa, hata kimoja hakikukunjwa. Kile nilichokiacha kitupu kilikuwa kimejazwa kwa penseli, herufi kubwa zilizoinamia kushoto: KLACHI. Na kwenye kile cha ekseli ya nyuma, maneno yangu "chombo cha kugawa mwendo" yalikuwa yamepigwa mstari mmoja wa adabu, usioyafuta, na chini yake mtoto wa darasa la nne alikuwa ameandika neno alilokwenda kuliuliza gereji ili kitabu cha maktaba kiwe sahihi kwa atakayekuja baada yake: DIFU.